Hadhira Inayojaza Pengo: Redio ya Siri, Insha ya Fanon na Nadharia ya Fasihi Simulizi

Ikisiri

Makala haya yanaisoma insha ya Frantz Fanon kuhusu redio ya wapigania uhuru wa Algeria, iliyochapishwa mwaka 1959, kwa jicho la mhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba redio inayotangaza kinyume cha amri ya dola, na ambayo mawimbi yake huvurugwa kwa makusudi, huhamishia hadhira sehemu ya kazi ya fanani: kisichosikika hutungwa na wasikilizaji. Mfano wa Algeria unalinganishwa na ule wa Radio Freedom ya Afrika Kusini, ambayo kwa kipindi fulani ilisikika kutoka Dar es Salaam, kisha hoja inapimwa kwa mfano wa RTLM ya Rwanda. Makala yanapendekeza kwamba dhana za mahali na hadhira katika nadharia ya utendaji zipanuliwe, na kwamba kumbukumbu za wasikilizaji wa Kiswahili zikusanywe kabla hazijapotea.

1. Utangulizi

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi katika vyuo vya Afrika Mashariki wamepita katika makala ya M. M. Mulokozi, “Tanzu za Fasihi Simulizi”, iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989. Mchango wake mkubwa ulikuwa kuitoa fasihi simulizi katika kurasa na kuirudisha katika tukio. Kwa mtazamo huo, utanzu hautambuliwi kwa maneno yake peke yake, bali kwa jinsi fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio, mahali na wakati vinavyoingiliana. Hadhira hapo haikai kimya ikipokea. Inapoitikia “Pakawa” baada ya kuambiwa “Paukwa”, inampa mtambaji idhini ya kuendelea. Na inapoguna, kucheka au kusahihisha, inaigeuza hadithi papo hapo.

Redio imeingia katika mjadala huu kwa mlango wa uani. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usimulizi na maandishi, aliiweka pamoja na simu na televisheni katika kile tunachoweza kukiita usimulizi wa upili, yaani usimulizi unaotegemea teknolojia na maandishi. Wahakiki wengi wamelipokea wazo hilo pamoja na huzuni fulani: ngano inayosomwa studioni imempoteza mwitikiaji wake, fanani hamwoni anayesinzia, na anayesikiliza hana pa kupeleka swali. Kwa mtazamo huo, redio inahifadhi sauti na kuua utendaji.

Hukumu hiyo imejengwa juu ya aina moja ya redio, ile halali: redio inayosikika vizuri, yenye ratiba inayojulikana na msikilizaji asiye na hofu. Tukiitazama redio inayosikilizwa chini ya tishio la kifungo na katikati ya makelele yaliyotengenezwa na serikali, tutaona uhusiano wa fanani na hadhira ukichukua sura ambayo nadharia yetu haijaipa jina. Kazi ya makala haya ni kuielezea sura hiyo na kuonyesha mipaka yake.

2. Haramu, siri na ukombozi: suala la istilahi

Istilahi zinazotumika kwa redio za namna hii zimebeba hukumu ndani yake. “Redio ya maharamia” inafaa kwa vituo kama Radio Caroline, iliyoanza kurusha muziki kutoka melini karibu na pwani ya Uingereza mwaka 1964. Hapo kilichokiukwa kilikuwa ukiritimba wa utangazaji, si utawala wenyewe. “Redio haramu” hutazama kwa macho ya anayepiga marufuku. “Redio ya ukombozi” hutazama kwa macho ya anayetangaza, na hutoa hukumu ya historia kabla historia haijasema.

Tunatumia “redio ya siri”, kwa tahadhari. Ujumbe wa redio hii si siri hata kidogo, maana hurushwa ili usikiwe na watu wengi iwezekanavyo. Kinachofichwa ni mdomo na sikio. Mtambo uko mahali pasipotajwa, na msikilizaji yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Kati yao kuna anga, na anga hiyo ndiyo dola inayoigombea. Kwa hiyo kipengele ambacho nadharia yetu hukiita “mahali”, kwa umoja, hapa kimegawanyika sehemu tatu, na kila sehemu ina sheria zake.

3. Chumba cha Fanon

Insha ya Fanon kuhusu sauti ya Algeria ni sura ya pili ya kitabu L'An V de la révolution algérienne, kilichotolewa Paris na François Maspero mwaka 1959 na kupigwa marufuku na serikali ya Ufaransa. Wasomaji wa Kiswahili humjua Fanon zaidi kwa kitabu chake cha mwisho, ambacho tafsiri yake, Viumbe Waliolaaniwa, ilitoka Dar es Salaam mwaka 1978. Insha ya redio haisomwi sana katika idara zetu, ingawa ndiyo inayohusu moja kwa moja mambo tunayoyafundisha.

Fanon anaanza na ukimya. Kabla ya vita kuanza mwaka 1954, familia nyingi za Waalgeria hazikuwa na redio, hata zile zilizoweza kuinunua. Walioulizwa walitaja heshima ya nyumba: haifai baba, mama, wakwe na mabinti kukaa pamoja na kusikia maneno ya utani wa mapenzi. Fanon anayataja maelezo hayo lakini hayaamini kikamilifu. Kwake, sababu ya ndani ni kwamba Radio-Alger ilikuwa sauti ya Wafaransa wakizungumza na Wafaransa, na kukataa chombo kulikuwa namna ya kumnyima mgeni huyo nafasi sebuleni.

Mwishoni mwa 1956 vipeperushi vilitangaza kwamba Sauti ya Algeria inayopigana ingesikika, vikataja saa na masafa. Kwa mujibu wa Fanon, redio zote zilizokuwa madukani ziliisha kwa muda usiofika siku ishirini. Vijijini, kusikokuwa na umeme, redio za betri ndizo zilizotafutwa zaidi. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa kuzuia uuzaji wa redio bila kibali cha vyombo vya usalama, na kwa kuzibana betri. Haikuchukua muda Wafaransa wakaanza kuyavuruga matangazo yenyewe. Kituo kikahamia masafa mengine, wavurugaji wakakifuata, kikahama tena.

Hapo ndipo linapoanza jambo linalomhusu mhakiki. Fanon anaeleza chumba kilichojaa watu. Mmoja ameinamia redio, sikio limegusa chombo, mkono unatafuta wimbi. Wengine hawasikii kitu ila mkoromo. Baada ya kipindi wanamuuliza: je, wametaja mapigano fulani, yale ambayo magazeti ya Wafaransa yameyagusia nusunusu? Naye hakusikia, au amesikia neno moja na kipande cha lingine. Chumba kinajadiliana. Mwishowe wanaafikiana kwamba sauti iliyataja mapigano hayo, na kesho yake habari inasimuliwa mtaani kama ilivyokamilishwa chumbani. Fanon hakioni kitendo hiki kama udanganyifu. Kwake ni ujenzi, njia ambayo mtu asiye na bunduki anashiriki vitani.

Katika istilahi zetu, hilo ni tukio lenye mafanani wawili. Wa kwanza yuko kwenye mtambo na hajui kama amesikika. Wa pili ni yule aliyeinamia redio: kwa fanani wa kwanza yeye ni hadhira, kwa chumba yeye ni mtambaji. Chumba kinafanya kazi ile ile inayofanywa na hadhira ya ngano. Kinadai, kinasahihisha na kuidhinisha. Utendaji ambao Ong na wafuasi wake waliuona umepotea kwenye redio haukupotea. Ulihama kutoka studioni ukaenda kwenye chumba cha kusikilizia.

4. Fumbo lililofungwa na dola

Mapokeo ya Kiswahili yana dhana inayoweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko istilahi ya Fanon mwenyewe, nayo ni dhana ya fumbo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa katika zama za mvutano kati ya mji huo na watawala wa Busaidi, yamesomwa na wahakiki kama mafumbo ya kisiasa. Msikilizaji asiyejua mambo ya mji husikia habari ya jambo moja. Anayeyajua husikia jambo lingine. Fumbo halina maana bila hadhira yenye ujuzi, na hadhira isiyo na ujuzi haiwezi kulazimisha maana itoke.

Tofauti iko kwa anayefunga. Katika shairi, mtunzi ndiye anayeifunika maana, naye ameacha ncha ya uzi makusudi. Katika redio inayovurugwa, mtunzi alisema waziwazi. Dola ndiyo iliyoifunika maana kwa makelele, na haikuacha uzi wowote. Hadhira inafumbua fumbo ambalo halikutungwa na mtu aliyetaka lifumbuliwe. Ndiyo maana ufumbuzi wake unakuwa utunzi: jibu sahihi haliko mahali popote likingoja kupatikana.

Hata hivyo, utunzi huo si wa kubuni ovyo. Wasikilizaji wa Fanon hulijaza pengo kwa vitu wanavyovijua: magazeti ya adui yaliyosomwa kinyumenyume, fununu kutoka milimani, majina ya waliotoweka. Tena hulijaza kwa maafikiano, si kwa kauli ya mtu mmoja. Utungaji wa papo kwa papo katika fasihi simulizi una nidhamu hiyohiyo. Mghani wa tendi anaweza kuongeza au kupunguza, lakini jamii inaijua hadithi na haitampa nafasi ya kuipeleka atakako. Kwa msingi huu tunaweza kuichukulia habari iliyokamilishwa chumbani kama fani ya kijamii yenye kanuni, na kuacha kuiweka kapu moja na uvumi.

5. Nani alikuwa chumbani?

Hadi hapa tumemfuata Fanon. Sasa tumuulize swali ambalo tungemuuliza mkusanyaji yeyote wa fasihi simulizi: chumba hiki ni cha nani, kiko mji gani, na nani alikuwemo? Insha haisemi. Watu wake hawana majina, na mandhari yake inaelezwa kama desturi iliyokuwa ikirudiwa, si kama tukio moja lililoshuhudiwa siku fulani.

Tarehe zinalipa swali hili uzito. Fanon alifanya kazi ya udaktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida-Joinville tangu 1953. Alijiuzulu mwishoni mwa 1956, akafukuzwa Algeria Januari 1957, kisha akaenda Tunis, alikoshiriki kuandika gazeti la El Moudjahid. Sauti ya Algeria ilianza kurushwa Desemba 1956 kutoka upande wa Morocco. Kwa hiyo, majuma yaliyopita kati ya kuanza kwa kituo na kuondoka kwa mwandishi yanahesabika kwa vidole. Vita vya mawimbi, miezi ya kufukuzana kati ya kituo na wavurugaji, viliendelea yeye akiwa nje. Sehemu kubwa ya anachokieleza lazima aliipata kwa masimulizi ya waliovuka mpaka.

Hili haliifanyi insha kuwa ya uongo, ila linabadilisha namna ya kuisoma. Fanon naye ni mtu aliyeinamia chombo mbali na tukio, akapokea vipande, akavikamilisha kwa niaba ya chumba kikubwa zaidi, yaani wasomaji wake. Insha inatenda kile inachokieleza. Mhakiki anayeinukuu kama ushahidi wa kiethnografia anaisoma vibaya. Anayeitupa kwa kukosa ushahidi naye anaikosa. Ni utambaji wa pili, wenye nguvu na hatari za utambaji.

Hatari kubwa iko katika neno “maafikiano”. Chumba cha Fanon kinakubaliana kila mara. Hatuoni mtu anayesema, “Hapana, mimi sikusikia hivyo.” Hadhira ya ngano tunayoifahamu ina mzee anayebisha na mtoto anayeuliza swali lisilotakiwa; chumba hiki hakina. Je, hawakuwepo, au wamenyamazishwa na masimulizi ya mwandishi? Fanon alikuwa daktari makini vya kutosha kugundua kwamba sauti ambazo wagonjwa wa Kialgeria walizisikia redioni katika maradhi yao zilibadilika, zamani zikiwa za uadui na baada ya 1956 zikawa za kulinda. Makini hayo hakuyaelekeza kwa msikilizaji mwenye shaka, naye alistahili kuwa na nafasi katika insha.

6. Kutoka Dar es Salaam: Radio Freedom

Mfano wa Afrika Kusini unatusaidia kuona kwamba pengo halifanani kila mahali. Tarehe 26 Juni 1963 Walter Sisulu, akiwa mafichoni, alisikika katika tangazo la kwanza la Radio Freedom, lililorushwa kutoka nyumba moja ya Parktown, Johannesburg. Siku kumi na tano baadaye alikamatwa Rivonia pamoja na wenzake. Mdomo ulikuwa umefichwa karibu mno na adui. Kituo kikalazimika kuhamia nje ya nchi.

Dar es Salaam, makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, ikawa moja ya nyumba zake. Idhaa ya nje ya Redio Tanzania iliwapa vyama vya ukombozi vya kusini, kikiwemo chama cha ANC, muda wa kutangaza. Baadaye matangazo ya ANC yakasikika pia kutoka Lusaka, Luanda, Addis Ababa na Antananarivo. Maneno yaliyokuwa halali kabisa katika studio ya Dar es Salaam yalimpeleka gerezani aliyekutwa akiyasikiliza Soweto. Uharamu haukuwa katika sauti, ulikuwa katika sikio. Na tusijisahau sisi wenyewe: taifa lililowapa wengine mtambo wa kudai uhuru halikuwaruhusu raia wake kufungua vituo binafsi vya redio hadi ilipopatikana sheria ya utangazaji ya mwaka 1993.

Huko Afrika Kusini dola ilikuwa na mbinu tulivu kuliko makelele. Kuanzia miaka ya 1960 shirika la utangazaji la serikali lilijenga mtandao wa FM na kuutumia kwa vipindi vya lugha za Kiafrika chini ya Radio Bantu. Redio ya bei nafuu yenye FM tupu haiwezi kunasa masafa mafupi. Msikilizaji alipewa lugha yake, muziki wake na michezo yake ya kuigiza, kwa chombo ambacho kwa umbo lake hakiwezi kuifikia Lusaka. Hapa pengo halisikiki kabisa. Asiyejua kuna kituo kingine hajui hata kwamba kuna pengo.

Kwa waliokuwa na masafa mafupi, tukio lilikuwa na kianzio chake. Radio Freedom ilijitambulisha kwa mlio wa bunduki ya rashasha ukifuatana na wito na wimbo. Kianzio hiki kina kazi sawa na “Paukwa”: kinaitenga saa ya utendaji na saa nyingine. Lakini “Paukwa” huitikiwa kwa sauti, ilhali mlio huu ulimtaka msikilizaji ashushe sauti upesi kabla jirani hajausikia. Mwitikio wa hadhira hii ni kunyamaza. Anayepima ushiriki kwa vigelegele na makofi atauandika usiku huo kama usiku usio na hadhira.

Mwaka 1985 sehemu ya vipindi hivyo ilitolewa Marekani katika santuri. Santuri inatupa kituo, haitupi chumba. Chumba kilianza kupatikana pale Sekibakiba Lekgoathi alipochapisha, mwaka 2010, utafiti wake kuhusu hadhira ya Radio Freedom, akitumia masimulizi ya wasikilizaji wenyewe. Utafiti wa namna hiyo ndio unaokosekana katika insha ya Fanon: msikilizaji anayezungumza mwenyewe, anayeweza kukumbuka kwamba hakuelewa, au kwamba hakukubaliana.

7. Kipimo cha Rwanda

Mtu anaweza kupinga kwamba tunaitukuza hadhira ya redio kupita kiasi, na kwamba eneo letu lina sababu ya kuogopa redio inayowaunganisha watu. RTLM, iliyoanza kutangaza Rwanda Julai 1993, ilikuwa na mzaha, muziki na lugha ya barabarani iliyowavuta wasikilizaji, na mwaka 1994 ilichochea mauaji ya kimbari. Je, ukaribu wa fanani na hadhira si ule ule?

Ukaribu ulikuwepo; pengo halikuwepo. RTLM ilikuwa na kibali na ilikuwa karibu na wenye mamlaka. Haikusikilizwa kwa siri, na wito wa kuyavuruga matangazo yake haukutekelezwa. Msikilizaji wake hakulazimika kulinganisha, kukisia wala kuafikiana na wenzake. Alipewa kila kitu, pamoja na majina ya wa kuuawa. Kwa hiyo kigezo cha uhakiki hakiwezi kuwa joto la sauti wala uhodari wa mtangazaji. Inafaa tuulize kazi gani imeachiwa hadhira, na kama katika kuifanya kazi hiyo kuna nafasi ya kubisha.

Kigezo hiki kinakirudia chumba cha Algeria pia. Mazoea ya kulijaza pengo kwa sauti moja, yanayoeleweka wakati wa vita, yanaweza kubaki baada ya ushindi, dola mpya ikakuta hadhira iliyozoea kukubali. Fanon alifariki Desemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Algeria, na hakuyaona yaliyofuata.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba redio ya siri haiondoi utendaji, bali inauhamisha, na kwamba pengo la sauti linamfanya msikilizaji kuwa fanani wa pili. Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo mawili.

La kwanza ni la kinadharia. Kipengele cha mahali kisomwe kwa wingi pale teknolojia inapohusika: mahali pa mdomo, mahali pa sikio, na anga iliyo kati yake, ambayo ina mmiliki na ina mgogoro. Vilevile, dhana ya hadhira ijumuishe hadhira inayonyamaza kwa sababu kunena ni hatari. Ukimya wake ni sehemu ya fani na unahitaji kufafanuliwa kama tunavyofafanua kibwagizo.

La pili ni la ukusanyaji. Redio Kairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, Kenya ikiwa katika Hali ya Hatari, na matangazo ya Misri dhidi ya ukoloni yalisikilizwa Zanzibar, Mombasa na bara. Nyaraka za serikali ya kikoloni zimetuhifadhia hofu ya watawala kuhusu sauti hiyo. Hazikutuhifadhia chumba: nani alishika kitufe, nani alifasiri neno lililopotea, nani alibisha, na habari ilitoka barazani ikiwa na umbo gani. Waliokuwa vijana wakati huo sasa ni wazee sana. Wanafunzi wetu wa uzamili huenda vijijini kila mwaka kukusanya ngano na methali ambazo nyingi zimekwisha kuchapishwa. Waongeze swali moja katika madodoso yao: redio ilipokoroma, nyumbani kwenu mlisema imesema nini?